Fundi wa sola wa Langoni, Amu (Lamu): leseni kwanza, nyundo baadaye

Kabla hajagusa msumari, fundi huyu alitoa kadi mfukoni akaiweka mezani, kando ya sinia la mahamri. "Mama, tazama hii kwanza. Leseni yangu ya T2." Nilimwita anifungie sola ya friji ninayowekea juisi ya ukwaju na barafu za kuuza.

Mimi ni wa kuona ung'ongo nikashtuka. Fundi wa mwanzo, simtaji, aliunga betri bila fyuzi, vichwa vya nyaya akaviacha wazi kwa upepo wa bahari. Mwezi wa saba vimeota kutu ya kijani, betri imevimba, na simu yake haishiki.

Kumbe leseni hizi ni za tangu 2012. Waziri wa Nishati wa Kenya wakati huo alikuwa Kiraitu Murungi, wakili aliyeingia bungeni 1992 kwa kiti cha Imenti Kusini na kukikalia hadi 2013. Kanuni za sola zilizotoka chini yake, kwa nguvu ya Sheria ya Nishati ya 2006, zilitaka kila anayefunga sola awe na leseni. T2 ni ya mitambo isiyozidi wati 300. Leo hutolewa na EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati na petroli. Kiraitu wengi humjua kwa useneta na ugavana wa Meru. Kwangu mimi, kanuni hii ndiyo kazi yake kubwa, maana inamlinda mtu wa Amu asiyejua volti ni nini.

Paneli zangu ni mbili za wati 150. Alizipandisha darini, akazielekeza kaskazini na kuziinamisha kidogo ili mvua ioshe mavi ya kunguru. Kisha kila kichwa cha waya alikifuta, akakikaza, akakipaka vaseline kwa kidole, taratibu, kama apakwavyo mtoto akitoka kuoga. Hapo ndipo moyo wangu ulipotulia. Fyuzi aliifunga karibu na betri, akaniachia na ya akiba.

Kosa lake: betri ilichelewa siku mbili kutoka Mombasa, naye hakuniambia mpaka nilipompigia. Risiti pia, namba ya leseni aliiandika baada ya mimi kushikilia.

Kusi lote friji haijazima. Mawingu yalipokaa siku tatu mfululizo nilizima taa za uani tu. Ufundi ulikuwa shilingi 6,000, mbali na vifaa. Jumamosi anapanda mashua kwenda Siyu, kwa dada yangu.