Miezi 14 ya kujitengenezea breki za pikipiki: uzoefu wangu

Nilibadilisha pedi za breki ya mbele mara tatu kabla sijagundua kwamba ugonjwa haukuwa kwenye pedi. Kila mara mambo yalikwenda vile vile: breki inaanza kulia, napeleka gereji, fundi anachungulia sekunde chache, "pedi zimeisha", anafunga mpya, nalipa, naondoka. Miezi michache baadaye tunaonana tena. Mara ya tatu niliomba nipewe zile zilizotolewa. Moja ilikuwa imebaki bati tupu na imeshaanza kuchora diski. Ya pili, iliyokaa kwenye kalipa ile ile (kile kibano kinachobeba pedi) na kwenda safari zile zile, bado ilikuwa na zaidi ya nusu ya unene wake.

Pedi mbili zinazobana diski moja hazipaswi kuachana kiasi hicho. Nilizitia mfukoni, na wikendi iliyofuata nikafungua kalipa mwenyewe kwa mara ya kwanza. Tangu siku hiyo breki sijampa mtu mwingine.

Pikipiki yangu ni ya cc 150, diski mbele, drami nyuma, haina ABS (mfumo wa kuzuia gurudumu lisijifunge ukibana breki). Hilo la ABS nalisema mapema kwa sababu mfumo huo una pampu na vali zake, na kwenye baadhi ya pikipiki huwezi kutoa upepo wote (hewa iliyonaswa kwenye mafuta ya breki) bila kifaa cha kompyuta cha kuiamuru pampu ifanye kazi. Kama yako iko hivyo, sehemu ya pedi na pini itakufaa, ila ya mafuta usinifuate kichwa kichwa.

Turudi kwenye zile pedi. Kalipa ya pikipiki nyingi ndogo ina pistoni upande mmoja tu. Ukibana mkono wa breki, pistoni inaisukuma pedi ya ndani hadi iguse diski, kisha kalipa nzima inateleza juu ya pini mbili na kuivuta pedi ya nje nayo ije ibane. Pini zikishika kutu, kalipa haitelezi tena. Pedi ya ndani inafanya kazi ya wawili, na hata ukiachia mkono haibanduki vizuri kwenye diski. Inaliwa mchana kutwa wakati wewe hata hujafunga breki.

Pini zangu zilitoka kwa nguvu na maneno nisiyoweza kuyaandika hapa. Moja ilikuwa na kutu, nyingine imevikwa grisi nyeusi iliyoganda kama lami. Vimpira vyake vya kuzuia vumbi vilikuwa vimevimba na kulegea. Aliyefungua kabla yangu alipaka grisi ya beringi, ambayo asili yake ni mafuta ya petroli, na mipira ya breki haipatani nayo. Inayotakiwa ni grisi ya silikoni iliyotengenezwa kwa ajili ya breki, tena kidogo tu. Kopo moja dogo nililonunua mwanzoni bado halijaisha. Pedi seti tatu nilizonunua bure, dawa yake ilikuwa kipande cha msasa laini na grisi ya kujaa kijiko.

Nilipokuwa nazirudisha pistoni ndani nilijifunza mambo mawili, moja kwa akili na jingine kwa hasara. La akili: sehemu ya pistoni iliyochomoza nje imejaa uchafu, kwa hiyo isafishe kwanza kwa mswaki wa zamani, la sivyo utaupeleka uchafu wote kwenye sili, ule mpira unaozuia mafuta yasivuje. La hasara: pistoni ikirudi ndani, mafuta nayo yanapanda kwenye kikopo kilicho juu ya usukani. Yangu yalipanda, yakamwagika, yakashuka kwenye tangi. Mafuta ya breki ya kawaida yanababua rangi. Bahati nzuri yanachanganyika na maji, hivyo ukiwahi kumwagia maji mengi unaokoa kitu. Mimi nilichelewa dakika kadhaa, na doa lipo hadi leo. Siku hizi tangi nalifunika kitambaa na ndoo ya maji inakaa karibu.

Kuhusu vifaa sina mengi. Spana namba 8 ya ringi, namba 12 na 14, funguo za pembe sita, na spana ya kupima nguvu, hii msiidharau. Kitabu cha pikipiki yangu kinataka Nm 30 kwenye bolti za kalipa, na mkono wangu bila kipimo ulikuwa unakaza karibu mara mbili ya hapo. Jambo lililonishangaza ni skurubu mbili za kifuniko cha kikopo cha mafuta. Zinafanana na skurubu za nyota za kawaida, lakini pikipiki za Kijapani hutumia aina yao, JIS, ambayo mara nyingi huwa na kitone kidogo kichwani. Bisibisi ya nyota ya kawaida haikai hadi chini, inaruka na kula kichwa. Niliua skurubu moja kabla ya kulielewa hilo.

Kazi ya spana ilinichukua siku moja. Kutafuta spea kulinichukua karibu mwezi.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuagiza kwa jina la pikipiki. Zikaja pedi ambazo sikio lake liko upande usio wake. Pikipiki ya jina lile lile, iliyotoka mwaka mwingine, huweza kuwa na kalipa tofauti kabisa. Sasa sinunui kwa jina. Natoa pedi ya zamani, naiweka juu ya rula, naipiga picha pande zote mbili, napima urefu, upana na umbali wa matundu kwa venia (kipimo chenye taya mbili), halafu natafuta namba ya spea kwenye katalogi ya mtengenezaji. Namba ndiyo ninayompa muuzaji. Akianza kuniambia "hii inaingia kote", naaga.

Kosa la pili lilikuwa kuamini boksi. Seti ya pili ilikuja kwenye boksi la jina kubwa, bei nzuri, picha nzuri. Kuifungua, bati la nyuma halina alama hata moja, na nikikwaruza ukingo kwa ukucha unga unadondoka. Muuzaji alinijibu kwamba picha ilikuwa "ya mfano tu". Seti hiyo haikupanda kwenye pikipiki, nimeiweka kwenye droo kama kumbukumbu.

Tangu hapo kitu cha kwanza kutazama ni mgongo wa pedi. Nyingi zina herufi mbili, kama FF, GG au HH, zinazoeleza msuguano: ya kwanza breki ikiwa na joto la kawaida, ya pili ikiwa imepata moto. E ni kati ya 0.25 na 0.35, F hadi 0.45, G hadi 0.55, na H ni juu ya hapo. Kwa hiyo ukikuta herufi ya pili iko chini ya ile ya kwanza, ujue pedi hiyo inalegea ikipata moto, tena wakati unaihitaji kuliko wakati mwingine wowote. Alama nyingine ni E yenye namba ndani ya duara pamoja na 90R. Hiyo inasema pedi imepimwa kwa kanuni ya Ulaya ya ECE namba 90, na ile namba ni ya nchi iliyotoa kibali: 1 Ujerumani, 3 Italia, 11 Uingereza. Mghushi naye ana mashine ya kugonga chapa, najua. Lakini mghushi mvivu hagongi chochote, na hao ndio wengi niliokutana nao.

Nimetumia aina mbili. Zile laini zisizo za metali zilikuwa kimya, mkono unazisikia vizuri, na hazili diski sana. Baadaye nikafunga zile za unga wa metali uliobanwa kwa moto, zenye HH. Kwenye mvua tofauti ni kubwa, zinashika mapema zaidi. Asubuhi zikiwa baridi hulia kidogo, na diski inaliwa haraka zaidi. Nimebaki nazo, ila diski naipima. Unene wa chini unaoruhusiwa umegongwa kwenye diski yenyewe. Yangu imeandikwa 3.5 mm na sasa iko 3.8. Ukipima kwa venia ya kawaida utadanganyika, maana ukingo wa nje ambao pedi haifiki unabaki mnene na venia inakaa juu ya ukingo huo. Tumia maikromita, ipime pale pedi inapopita.

Mafuta ya breki yalikaribia kuniponza dukani. Niliona DOT 3, DOT 4, DOT 5 na DOT 5.1 kwenye rafu moja, nikawaza kama kila mtu anavyowaza: namba kubwa ndiyo bora. Kumbe DOT 5 ni ya silikoni na haichanganywi na nyingine, wakati 5.1 ni ya jamii moja na 3 na 4. Fuata kilichoandikwa kwenye kifuniko cha kikopo chako, basi. Changu kinasema DOT 4. Mafuta hayo hunyonya unyevu wa hewa kadiri siku zinavyokwenda. Yakiwa mapya, kiwango kinataka DOT 4 isichemke chini ya nyuzi 230 za Selsiasi, yakishanyonya maji kiwango kinashuka hadi 155. Yakichemka ndani ya kalipa yanatoa mvuke, na mvuke unabanika: unabana mkono wa breki unaenda hadi mwisho na pikipiki haisimami. Ndiyo maana vitabu vingi vinataka yabadilishwe kila miaka 2. Yangu yalitoka na rangi ya kahawia nzito. Nunua chupa ndogo iliyofungwa bado, chupa iliyokaa wazi kwenye rafu mwaka mzima haina maana tena.

Kwa kutoa upepo nilinunua mpira wenye vali ya kwenda upande mmoja, unaotangazwa kwamba mtu mmoja anamaliza kazi peke yake. Simshauri mtu. Hewa inaingia kupitia nyuzi za kinati cha kutolea upepo kilicho kwenye kalipa, unaona mapovu yasiyoisha, unadhani ni ya ndani kumbe ni ya nje. Nilimaliza chupa nzima nikiyafukuza. Nimerudi kwenye mpira mwembamba unaopitisha mwanga, mwisho wake ukiwa umezama kwenye mafuta ndani ya chupa. Bana mkono, fungua kinati, kifunge kabla hujaachia mkono, rudia, na usiache kikopo cha juu kikauke. Kile kinati usikikaze kwa hasira, kina tundu katikati na hukatika.

Baada ya yote hayo mkono bado ulikuwa laini. Kilichomaliza kazi ni kugeuza usukani hadi kikopo kiwe juu kuliko kila kitu, kuubana mkono wa breki kwa ukanda wa mpira na kwenda kulala. Asubuhi ulikuwa mgumu. Vipovu vidogo vilivyojificha karibu na masta silinda (ile pampu ndogo ya kwenye usukani inayosukumwa na mkono wa breki) vilipanda vyenyewe usiku.

Sasa aibu yangu. Siku ya kwanza nilifunga kila kitu, nikakaza kwa kipimo, nikafuta tangi, nikawasha na kuondoka. Sikukumbuka kubanabana mkono ili pistoni zisogee hadi kwenye pedi. Mbano wa kwanza ulifika hadi kwenye mpini bila kushika chochote. Nilikuwa kwenye mwendo wa mtu anayetembea, breki ya nyuma ikanisaidia nusu, ukuta ukanisaidia nusu iliyobaki. Madgadi imepinda. Siku hizi ufunguo wa kuwashia unakaa ndani ya nyumba hadi nimebana mkono na kuusikia mgumu, kisha naisukuma pikipiki kwa miguu na kuisimamisha mara mbili.

Pedi mpya pia hazishiki vizuri siku ya kwanza. Nilizizoesha kwa kusimama taratibu mara 20 hadi 30 kwenye barabara tupu, bila kubana ghafla na bila kuburuza.

Drami ya nyuma haina mengi. Mshale wa nje unaonyesha kama breki shuu zimefika mwisho, nati ya kwenye fimbo inarekebisha kanyagio, na kamu, kile kipande kinachogeuka na kuzitanua shuu, inahitaji grisi kiduchu. Vumbi la ndani usilipulize kwa mdomo wala kwa kompresa. Breki shuu za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, ambayo vumbi lake ni hatari kwa mapafu, na huwezi kujua kwa macho, basi futa kwa kitambaa kibichi.

Pedi nilizonazo sasa zina miezi 11. Nimezipima juzi: ya ndani 2.9 mm, ya nje 3.1. Kazi iliyonichukua siku nzima naimaliza kwa saa moja na nusu, pamoja na kusafisha pini, ambazo nazifungua kila baada ya miezi 6 hata kama hakuna dalili. Ambacho bado sijakigusa ni sili za masta silinda. Kifurushi chake nimeshakipata, namba yake inalingana na ya katalogi, na kiko kwenye droo jirani na zile pedi za mfano tu. Nasubiri wikendi ambayo Jumatatu yake sina safari.