Samaki wa mapambo wa kuanza kuzalisha nyumbani: ununue yupi kwanza?

Kabla ya kwenda dukani kuchagua rangi, angalia birika la jikoni kwako. Ikiwa ndani limeshika gaga jeupe, na sabuni ya kufulia inagoma kutoa povu, maji yako ni magumu. Wengi tunaotumia visima vya pwani tumo humo, na kwa mfugaji wa samaki hiyo ni bahati, maana samaki kadhaa walio wepesi kuzaliana wanayapenda. Neoni na diskasi wa Amazon, ambao muuzaji atakusukumia kwa kuwa wanang'aa, wanataka maji laini. Pengine wataishi kwako, ila vifaranga usahau. Nimewaacha nje.

Waliobaki nimewapanga kwa kigezo kikuu kimoja: nani atakupa vifaranga bila wewe kuhangaika na dawa za kubadili maji.

1. Gapi. Anadharauliwa kwa kuwa yuko kila mahali, lakini namba moja ni yake. Jike huzaa watoto hai kila baada ya wiki nne hivi. Chukua majike watatu kwa dume mmoja, la sivyo dume atawafukuza hadi wachoke. Tatizo la gapi ni ukoo: jike huhifadhi mbegu za dume kwa miezi kadhaa, kwa hiyo aliyekaa dukani na madume wa kila rangi ameshabeba mimba za kubahatisha. Ukimletea dume wako wa bei mbaya, bado atakuzalia mchanganyiko. Anayetaka mkia wa aina moja atafute mfugaji anayetenganisha majike na madume mapema.

Doa jeusi karibu na mkundu wa jike likitanuka na tumbo likachukua umbo la sanduku, siku zimekaribia. Jaza tangi majani ya maji, kwani mama hula watoto wake bila haya.

2. Neolamprologus multifasciatus. Huyu ndiye kipenzi changu. Namba moja anaikosa kwa sababu tu ni adimu madukani. Ni wa Ziwa Tanganyika, jamaa wa mbali wa perege, ila hata dume kwa kawaida hafiki sentimita 5. Huishi ndani ya makombe matupu ya konokono. Tangi la lita 60, mchanga laini wa kutosha na makombe mengi kuliko samaki vinatosha. Nunua kikundi cha sita au zaidi, maana wakiwa wadogo ni vigumu kutofautisha jinsia. Watahamisha mchanga kwa midomo usiku na mchana, kila mmoja akichimbia kombe lake, kisha asubuhi moja utaona vijisamaki vikichungulia mlangoni. Wazazi hawavili, na vizazi hukaa pamoja.

3. Mbuna wa njano, Labidochromis caeruleus. Wa Ziwa Nyasa, kama mbuna wote, samaki wa miambani. Jike hulelea mayai mdomoni kwa takribani wiki tatu, na muda huo hali kitu cha maana. Ni mpole kwa viwango vya mbuna, ila anataka tangi la lita 200, na hapo ndipo mfuko unapouma.

4. Nothobranchius guentheri. Mzaliwa wa Unguja, wa madimbwi yanayokauka. Hufa ndani ya mwaka, lakini mayai husubiri mvua kwenye tope. Nyumbani huwekwa kwenye vumbi nyevu la makumbi ya nazi kwa miezi mitatu hivi, kisha unayamwagia maji. Nunua waliofugwa tu, madimbwini usiguse.

5. Beta. Kuwapandisha si kazi. Kazi huja baadaye, madume wanapoanza kupigana na kila mmoja akadai chupa yake. Una chupa ngapi?

Goldifishi simpi namba. Anakua mkubwa, anachafua maji, na lile bakuli la mezani ni mateso kwake.

Kabla ya kuingiza samaki, tangi liendeshwe na filta kwa wiki nne hadi sita ukipima amonia na nitraiti, sumu zinazotokana na uchafu wa samaki, na maji ya bomba yenye klorini yalale kwenye ndoo saa 24. Ukifika dukani, mwambie muuzaji awalishe mbele yako. Asiyekimbilia chakula, aliyekunja mapezi, mwenye vidoadoa vyeupe au tumbo lililobonyea, mwache. Na kama kuna maiti tangini, usinunue hata mwenzake anayeonekana mzima.