Kijiboksi cha kutoa sumaku kwenye saa: uzoefu wangu hapa Kigoma

Ramadhani iliyopita nilifuturu kabla ya wakati. Tende ya pili iko mdomoni ndipo nikasikia adhana ya Magharibi. Siku ile nimeshailipa. Mkosaji alikuwa Seiko 5 yangu, saa isiyo na betri, inayojijaza kwa mwendo wa mkono. Ilikuwa inakimbia dakika saba kwa siku.

Fundi wa kwanza alisema mafuta yamekauka. Akaifungua, akaisafisha, akachukua elfu arobaini yake, na saa ikaendelea kukimbia vilevile. Wa pili, mzee mmoja wa Mwanga, hata hakuifungua. Alitoa dira ndogo, akaisogezea saa, mshale ukageuka.

"Mwanangu, unafanya kazi gani?"

"Natengeneza spika, mzee."

Akacheka mpaka akavua miwani.

Ndani ya saa kuna springi nyembamba kama unywele, imejiviringisha. Ikishika sumaku, mizunguko yake inanatana, springi inakuwa kama imefupishwa, na gurudumu la mizani, lile linaloyumba kupima muda, linacheza haraka kuliko mara 21,600 kwa saa moja lilizopangiwa. Kipimo cha kimataifa cha ISO 764 kinataka saa ya kuhimili sumaku ivumilie nguvu ya sumaku ya ampea 4,800 kwa mita. Ile sumaku nzito ya nyuma ya spika, ukiigusa na saa, inapita hapo kwa mbali. Kava la simu lenye kifungo cha sumaku nalo si salama likilala kando ya saa usiku kucha. Saa ya betri ya mke wangu husimama tu ikikaribia sumaku. Ukiiondoa inaendelea, unarekebisha muda basi.

Mzee aliitoa sumaku kwa elfu tano. Kwa kazi yangu nikaona nitamrudia kila mwezi, nikaagiza kijiboksi changu Kariakoo, elfu ishirini na tano, rangi ya buluu. Ndani ni koili tu, yaani waya uliozungushwa. Unaweka saa juu, unabonyeza kitufe, unaiinua polepole mpaka ifike urefu wa mkono, ndipo unaachia. Ukiachia saa ikiwa bado juu yake, unaweza kuiacha na sumaku nyingi kuliko mwanzo. Mimi umeme ulikatika kidole kikiwa kwenye kitufe, nikaanza upya uliporudi.

Plagi yake ni ya pini mbili bapa, haiingii kwenye soketi zetu, nikanunua adapta. Kinapata moto upesi, kwa hiyo nabonyeza sekunde chache tu nakipumzisha. Waya ni mwembamba wa kutia mashaka na maelekezo yote ni ya Kichina.

Nakipa nyota nne. Saa sasa inapotea sekunde kama kumi na tano kwa siku, na nikiwa na spika mezani naivua naitundika msumarini mlangoni. Bisibisi zangu nazo nilizipitisha humo zikaacha kuokota skrubu, jambo ambalo kwa kweli nimelijutia.