Bomba la mgongoni la lita 16 la kuogeshea mifugo: nimelitumia miezi kumi, Sikonge

Nimelinunua Tabora mjini kwa 48,000, Novemba mwaka jana, mvua za kwanza zilipoanza. Jina lake silitaji kwa sababu madukani yako ya kila rangi na yote yanafanana hadi mikanda: mtungi wa plastiki, mpini wa kupampu kushoto, mpira, na fimbo yenye nozo. Nina ng'ombe kumi na watatu na kondoo tisa.

Sikulinunua kwa kupenda. Josho tunalotegemea, lile bwawa la kuogeshea mifugo kwa dawa ya kupe, liko mbali, na ukifika unaambiwa dawa imekwisha, au maji hayajajazwa. Msimu uliopita nilizika ndama wawili ndani ya wiki moja. Wa pili nilimwona jioni amejitenga, manyoya yamesimama, tezi ya chini ya sikio imevimba kama embe changa. Alfajiri nikamkuta na povu puani. Ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kupe. Bwana mifugo alilikunjua sikio la ndama akanionyesha kupe wa kahawia wamejipanga kama mbegu za alizeti, akaniuliza, "Hawa nao unawafuga, mzee?" Nilikosa jibu.

Kwa kazi yenyewe bomba linafaa. Mtungi mmoja unatosha ng'ombe wakubwa watatu, hawa wetu wa asili wenye miili midogo, mpaka maji yanachuruzika tumboni. Ukiona mtu kaogesha kumi kwa mtungi mmoja, ujue kalowesha migongo tu, na mgongoni kupe hawakai. Natumia dawa ya amitrazi ya asilimia 12.5, mililita 2 kwa kila lita ya maji, yaani 32 kwa mtungi, na napima kwa bomba la sindano. Kuna wanaopima kwa kifuniko cha chupa, halafu wanalalamika kuwa dawa za siku hizi ni feki. Feki zipo, sikatai, lakini kifuniko nacho kina lawama zake.

Sehemu ninayotaka mnisikilize ni masikio. Kupe wa ndigana kali akishakomaa anapenda ndani ya sikio, na nozo ya bomba inatoa ukungu mpana unaopita juu juu. Wiki tatu za mwanzo nilijidanganya kuwa nimeogesha. Nilipokunja sikio la mtamba mmoja nikawakuta wamo, wakavu kabisa, wanene. Tangu hapo nafanya hivi: namaliza mwili mzima kwa bomba, kisha namwingiza mnyama kwenye kibanio cha miti, mpwa wangu anashika kichwa, mimi nimevaa glavu nachovya mswaki wa zamani kwenye maji ya dawa na kusugua ndani ya kila sikio. Baadaye chini ya mkia, kwenye mapaja kwa ndani, na kuzunguka kiwele, maana wale wakubwa wenye madoa, wanaoleta ugonjwa wa maji moyo, huko ndiko kwao. Ng'ombe mmoja anachukua dakika nne au tano. Masika nafanya kila wiki, kiangazi kila baada ya wiki mbili. Na ni asubuhi jua likishatoka, maana mvua ikinyesha kabla manyoya hayajakauka umemwaga hela.

Kasoro za bomba. Mwezi wa pili wosha ya mpini ililegea, dawa ikawa inachuruzika mgongoni kwangu. Amitrazi ikikulowesha unasikia usingizi wa ajabu, kwa hiyo msichukulie kawaida. Wosha ni 500 tu, ila duka nililonunulia bomba hawana vipuri, nikampata fundi baiskeli akanichongea ya tyubu. Mkanda mmoja ulikatika mwezi wa tano, sasa nimefunga kamba ya katani. Nozo inaziba ukitumia maji ya lambo bila kuchuja. Mimi nachuja kwa kipande cha khanga, na mama watoto ameshaniambia nisiguse nyingine.

Halafu kuna hili letu la huku kwenye tumbaku: usiazime bomba la shambani. Jirani alikuja na lake lililotoka kupiga sumu ya wadudu kwenye tumbaku, eti amelisuuza. Nilikataa, akanuna siku mbili. Mtungi wa plastiki unashika sumu, na ng'ombe hujiramba. Langu nimeliandika kwa rangi MIFUGO na linalala ndani.

Kondoo nao wana yao. Chupa yangu inasema kipimo chao ni mara mbili ya cha ng'ombe, mililita 4 kwa lita, kwa hiyo nawachanganyia mtungi wao peke yao. Punda imewakataza kabisa. Lakini kondoo wangu wanadhoofishwa zaidi na minyoo, na hapo bomba halikusaidii kitu. Navuta kope ya chini: ikiwa nyeupe badala ya nyekundu, au taya limevimba chini kama lina maji, huyo anapata dawa ya minyoo siku hiyo hiyo.

Mbung'o pia amitrazi haiwagusi. Anayechungia karibu na pori atafute dawa ya jamii ya sipermetrini, inayoua kupe na mbung'o. Tatizo lake ni kwamba inaua nyuki, na sisi tunakula asali ya mizinga hiyo hiyo iliyo nyuma ya zizi. Nikiitumia napeleka ng'ombe upande wa pili wa kijiji, jioni, nyuki wakishalala.

Gharama: lita moja ya dawa ni 30,000 na inanitosha wiki tano za masika, ng'ombe na kondoo pamoja. Tangu Novemba sijazika ndama. Mtamba mmoja alipata homa Februari, tezi zikaanza kuvimba, bwana mifugo akamwahi kwa sindano.

Bomba nalipa nyota tatu kati ya tano. Mswaki naupa tano.