Sura ya Mwalimu kwenye ubao wa mninga: geuza mgongo kabla ya kulipa

Ubao huu unauzwa shilingi 180,000 kwenye banda la vinyago katikati ya jiji la Mwanza. Ni mninga, urefu sentimita 45, upana 30, unene 4. Jina la mchongaji halipo, mbele wala nyuma.

Sura imepatikana hasa. Mwalimu Nyerere anatazama mbele, kazi ngumu kuliko kumchonga ubavuni, maana pua lazima ichomoze ndani ya unene huo mdogo. Fundi ameiacha pua juu kuliko vyote, akateremka taratibu hadi masikioni. Masharubu hayazidi upana wa pua. Kwenye tabasamu, meno ya juu yamechongoka kama mila ya Wazanaki ilivyotaka. Wachongaji wengi huyanyoosha, na hapo anakuwa mzee mwingine kabisa. Nywele zimeachwa na alama za bobari, yaani patasi yenye makali yaliyopinda, uso ukapigwa msasa. Mwanga wa pembeni ukiupiga, unapendeza mno.

Muuzaji anadai ni kazi ya miaka ya 60. Chini ya kola kumechongwa 1922–1999, na rangi ndani ya tarakimu ni ileile ya mikunjo ya kola, hivyo hazikuongezwa baadaye. Basi ubao umechongwa baada ya Oktoba 1999, alipofariki. Bei ya ukale usiilipe.

Kasoro kubwa iko mgongoni: papi mbili, yaani vipande vyembamba vya mbao, zimekatiza ubao, zimegundishwa na kupigwa misumari. Mninga hutulia kuliko mbao nyingi, lakini nao husinyaa na kutanuka kwa upana, karibu hakuna kwa urefu. Papi zikiubana, unapasuka kufuata nyuzi. Ufa wa sentimita 3 tayari umeanza chini kushoto. Ukihamishwa kutoka unyevu wa ziwa kwenda ukavu wa Dodoma, utafika shavuni. Seremala azibandue papi, atoboe matundu marefu, milimita 6 kwa 12, yakielekea upana wa ubao, kisha afunge skrubu na wosha bila gundi.

Ukingo wa kulia una mstari mweupe, sehemu ya nje ya gogo, ambayo wadudu hupenda kuitoboa. Ugonge: ukidondosha unga laini, usiununue. Pitisha pia kitambaa cheupe chenye maji. Hapa kilitoka na weusi wa dawa ya viatu. Isafishe, upake nta ya nyuki.

Kwa 120,000, pamoja na gharama ya seremala, chukua.