Robocopy kwa bakapu ya ofisi: inapomudu majina magumu ya folda na inapokwama

Ofisi nyingi za Nyanda za Juu Kusini, iwe AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) ya kahawa Mbozi, shule ya sekondari Mufindi au steshenari ya Mwanjelwa, hufanya bakapu kwa njia moja: kunakili folda kwa kipanya na kubandika kwenye diski ya nje. Njia hiyo hukwamishwa na majina. Kazi inafika katikati, kompyuta inasema jina ni refu mno au kitu hakipo, mtu anabofya kuruka, na kilichorukwa hakiandikwi popote. Siku kompyuta ikifa ndipo pengo linaonekana.

Robocopy, programu ya kunakili mafaili kwa amri za kuandika, imo ndani ya Windows tangu Vista. Haina gharama wala haihitaji intaneti, na kwa majina magumu inaishinda File Explorer waziwazi. Inasoma majina kutoka diskini bila kufungwa na kikomo cha zamani cha herufi 260, kwa hiyo "Taarifa ya Utekelezaji wa Mradi wa Maji wa Kijiji Robo ya Tatu" iliyo ndani ya folda nyingine tatu za urefu huohuo inapita bila shida. Kinachoiangusha mara nyingi ni jina unaloliandika wewe kwenye amri.

Chukua ritifaa, ile alama ya ' kwenye ng'. Huku kwetu haikwepeki: kuna Wanging'ombe, Mang'oto, Ng'ang'ange. Word ina tabia ya kuigeuza ritifaa iliyonyooka kuwa ya kupinda. Karani akitoa kichwa cha barua kwenye Word na kukibandika kuwa jina la folda, anapata Wanging’ombe. Mwenzake akichapa moja kwa moja anapata Wanging'ombe. Kwa macho ni jina moja, kwa Windows ni folda mbili, na nusu ya barua ziko huku na nusu kule. Ukiliweka jina lile la kupinda kwenye faili la .bat (faili la maandishi linalohifadhi amri), balaa linaongezeka: Notepad ya sasa huhifadhi kwa msimbo wa herufi wa UTF-8, wakati skrini nyeusi ya amri (Command Prompt) husoma kwa msimbo wa zamani. Ritifaa inageuka ΓÇÖ, na Robocopy inajibu ERROR 2, kwamba folda haipo. Weka chcp 65001, amri inayoiambia skrini isome UTF-8, kwenye mstari wa kwanza wa .bat na tatizo hilo linakwisha. Lakini njia salama zaidi ni kukusanya kazi zote ndani ya folda mama yenye jina fupi lisilo na nafasi wala alama, kama D:\KAZI, na kuitaja hiyo peke yake. Majina ya ndani itayasoma yenyewe, ritifaa za kupinda zikiwemo.

Mitego mingine ya kuandika ni midogo, ila inapoteza asubuhi nzima. Ukiandika "D:\Picha za Mahafali\" na kumaliza kwa mkwaju (\) kabla ya kufunga nukuu, mkwaju huo unaimeza nukuu, na folda ya kutoka na ya kwenda zinaunganishwa kuwa jina moja lisiloeleweka. Toa mkwaju wa mwisho. Folda ya "Punguzo la Ada 50%" ndani ya .bat lazima iandikwe 50%%, maana alama moja ya asilimia hupotea. Jina lenye & lisipozungushiwa nukuu hukata amri vipande viwili.

Amri inayofaa ofisi nyingi zenye Windows 10 au 11 ni hii:

robocopy D:\KAZI E:\BK /E /R:2 /W:5 /XJ /FFT /UNILOG:E:\bk.txt /TEE

D:\KAZI ni chanzo na E ni diski ya nje. /E hunakili folda zote za ndani, /XJ huruka viunganishi vya folda, na /TEE huonyesha ripoti kwenye skrini pia. Usiache /R (idadi ya majaribio) na /W (sekunde za kusubiri). Bila hizo, Robocopy hujaribu faili moja lililogoma mara 1,000,000, ikisubiri sekunde 30 kila mara, yaani karibu siku 347. Wengi hudhani imeganda, wanaizima, kumbe imekaa kwenye faili moja la Excel lililofunguliwa na mhasibu. /FFT inahitajika ukipeleka kwenye flashi yenye mfumo wa mafaili wa FAT32, kwa sababu flashi hiyo hurekodi muda kwa hatua za sekunde 2 na bila /FFT mafaili yaleyale yanaweza kunakiliwa upya kila siku. /UNILOG huandika ripoti inayoonyesha majina kama yalivyo. Ikimaliza, angalia safu ya FAILED chini kabisa. Isipokuwa 0, fungua bk.txt na utafute neno ERROR. Umeme ukikatika katikati, rudia amri ileile: yaliyokwisha kunakiliwa itayaruka.

Flashi zinazozunguka kwenye steshenari zina kituko chao. Kuna virusi vinavyohamishia mafaili yote kwenye folda iliyofichwa ambayo jina lake ni herufi ya nafasi isiyoonekana, kisha vinaacha njia ya mkato yenye sura ya flashi. Usiibofye. Robocopy hainyimwi folda hiyo, ila inanakili na ule ufiche wake. Kwanza safisha kwa antivirusi, kisha kama flashi ni F andika attrib -h -s -r F:\* /s /d, amri ya kuondoa ufiche, folda itokee, uipe jina kwa F2. Ndipo unakili, ukiongeza /XF *.lnk ili njia za mkato zisinakiliwe. Jambo la karibu na hilo: ukinakili diski nzima kuanzia mzizi wake, yaani D:\ yenyewe, E:\BK yenyewe inaweza kufichika ukadhani bakapu imepotea. Andika attrib -h -s E:\BK na itaonekana.

Kuna pale inapokwama kweli. Folda iliyopewa jina kama "Kikao 10:30" kwenye Ubuntu (mfumo wa Linux), juu ya diski ya NTFS, mfumo wa mafaili wa Windows, Windows inaiona lakini haiingii. Robocopy inatoa ERROR 123. Rudi Ubuntu, badili jina liwe "Kikao 10.30". Na njia ndefu zilizonakiliwa salama bado zinaweza kugoma kufunguka: Excel inaishia herufi 218, njia na jina la faili pamoja. Ndiyo maana kunakokwenda paitwe E:\BK, si "Hifadhi ya Kompyuta ya Mhasibu Mkuu".

Onyo moja zito ni /MIR. Inafuta kwenye bakapu chochote kisichokuwepo kwenye chanzo, hivyo ukikosea na kuipa folda tupu, bakapu nayo inabaki tupu. Kama ni lazima uitumie, itangulize na /L, ambayo huorodhesha tu bila kugusa kitu. Asiyetaka kuandika amri atumie programu ya FreeFileSync: inaonyesha pande mbili kabla ya kunakili, na zile Wanging'ombe mbili utaziona zimekaa jirani.