Tiketi Yako ya Kwanza ya Muziki wa Klasiki London: Ununue Wapi, Ukae Wapi

Kila ikikaribia Julai simu yangu hujaa ujumbe. Kijana anakuja kuanza chuo, mama anakuja kumwona binti yake aliyejifungua, mwingine ana semina ya siku tano. Swali huwa lile lile: nataka kusikia okestra ya kweli hapo London, niende wapi bila kumaliza akiba? Naliandika jibu hapa, kuanzia tiketi ambayo ningeinunua kwanza hadi ile ambayo ningeiacha.

Jambo moja kabla ya majina ya kumbi. Karibu matamasha yote ya klasiki hupigwa bila kipaza sauti. Sauti inatoka kwenye mbao na nyuzi na kuja moja kwa moja sikioni. Aliyekulia Unguja au Mombasa, akakaa karibu na kikundi cha taarab mpiga fidla alipokuwa akikaza nyuzi zake kabla ya onyesho, ananielewa: ukiwa karibu unasikia hata upinde unavyokwaruza. Spika zikishaingia kati, mkwaruzo ule hauupati tena. Kwa hiyo mimi hupima tiketi kwa ukaribu kwanza, bei baadaye.

Chaguo langu la kwanza ni Wigmore Hall, nyuma kidogo ya mtaa wa Oxford Street. Ulijengwa na kampuni ya piano ya Kijerumani, Bechstein, ukafunguliwa mwaka 1901 kwa jina la kampuni hiyo. Vita Kuu ya Kwanza ikaja, mali ya Wajerumani ikauzwa, na mwaka 1917 ukumbi ukafunguliwa upya kwa jina ulilo nalo leo. Una viti takriban 550 tu. Hapa haipigi okestra kubwa. Ni piano peke yake, mwimbaji na piano, au fidla mbili pamoja na viola na chelo, ndugu zake wakubwa. Wageni wengi huupita kwa sababu hiyo, nami nawasihi wasiupite. Mara ya kwanza nilikaa safu ya nne, na kabla ya noti ya kwanza nilisikia wapigaji wanne wakivuta pumzi pamoja kwa pua. Hakuna aliyehesabu moja, mbili, tatu. Pumzi ile ndiyo iliyokuwa hesabu yao. Katikati ya wimbo, unywele mmoja wa upinde wa fidla ya kwanza ukakatika ukawa unaning'inia, ukimeta kwenye taa, na yule dada akaendelea kupiga mpaka mwisho wa sehemu ndipo akaung'oa. Mambo hayo hutayaona ukiwa ghorofa ya tatu ya ukumbi wa watu elfu tano.

Wenye umri chini ya miaka 35 huwekewa tiketi za pauni 5 kwenye matamasha mengi ya hapo, wanafunzi, msizembee. Tamasha la Jumatatu mchana ni fupi na nafuu kuliko la usiku, na mara nyingi hurushwa redioni na BBC. Jumapili kuna la saa tano na nusu asubuhi. Mgeni mwenye usiku mmoja tu London, ningempeleka hapa bila kusita.

La pili ni Proms, ila nunua tiketi ya kusimama. Matamasha haya yalianza mwaka 1895 katika ukumbi wa Queen's Hall. Mabomu yalipouteketeza mwaka 1941, yakahamia Royal Albert Hall na yako hapo hadi leo, wiki nane hivi kuanzia katikati ya Julai. Nia ya waanzilishi ilikuwa mtu wa kawaida aweze kuingia, na nia hiyo bado inaonekana kwenye bei: msimu wa 2024 nafasi ya kusimama ilikuwa pauni 8. Huuzwa mtandaoni siku yenyewe ya tamasha, kwa hiyo amka mapema. Ukipata uwanja wa chini, unasimama hatua chache tu kutoka kwa kondakta, yule anayeiongoza okestra kwa mikono, wakati aliyelipa mara kumi yako yuko mbali ukutani. Ukipata roshani ya juu kabisa, sauti hufika imepungua makali, lakini watu huketi sakafuni, wengine hujilaza wamefumba macho, na hakuna anayewasumbua. Vaa viatu vya kutembelea. Simfonia, yaani kazi ndefu ya okestra, ya dakika 80 ni ndefu kwa miguu.

Ukumbi huo una historia inayotuhusu. Samuel Coleridge-Taylor, mtunzi aliyezaliwa London mwaka 1875, baba yake daktari kutoka Sierra Leone, alisoma Royal College of Music, chuo kilicho ng'ambo ya barabara. Baada ya kifo chake, kazi yake ya kwaya na okestra kuhusu Hiawatha, shujaa wa hadithi ya Wenyeji wa Amerika, ilichezwa Royal Albert Hall karibu kila mwaka kuanzia 1924 hadi 1939, kwa mavazi na waimbaji mamia. Huwa nalifikiria hilo nikiwa kwenye foleni, na ningependa watoto wetu wanaokulia hapa walijue.

La tatu: Royal Festival Hall, kando ya mto Thames, karibu na stesheni ya Waterloo, uliojengwa kwa ajili ya maonyesho ya taifa ya mwaka 1951. Hapa usinunue kiti cha mbele. Kwaya isipokuwepo, mabenchi yake yaliyo nyuma ya okestra huuzwa kwa bei ya chini, na huko ndiko ninakokaa. Unamtazama kondakta usoni, kama wanavyomtazama wapigaji. Usiku mmoja nilikuwa juu ya mpiga ngoma za timpani. Wenzake walipokuwa wakipiga kwa nguvu, yeye aliinama, sikio likakaribia kugusa ngozi ya ngoma, akawa anaigonga kwa ncha ya kidole na kuirekebisha kwa ajili ya pigo litakalokuja baada ya dakika tatu. Tatizo la viti hivi ni kwamba tarumbeta na ngoma hufunika fidla, na mwimbaji anakupa mgongo. Kwa usiku wa waimbaji, lipa zaidi ukae upande wa mbele.

Southbank Centre, kituo cha sanaa chenye ukumbi huo, ndicho maskani ya Chineke!, okestra iliyoanzishwa mwaka 2015 na Chi-chi Nwanoku, mpiga besi kubwa ya nyuzi ambaye baba yake ni Mnigeria. Wengi wa wanamuziki wake ni weusi na wa asili nyingine zisizoonekana sana kwenye okestra za Ulaya. Ratiba yao ikiangukia wiki uliyopo London, panga upya mengine yote.

Kama mfuko umekauka kabisa, nenda vyuoni. Royal College of Music, Royal Academy of Music na Guildhall vina matamasha mengi ya wanafunzi, na mengi ni ya bure. Vijana hao ndio watakaokuwa jukwaani Wigmore miaka michache ijayo. Na siku nyingi jioni, kwenye saa kumi na moja, kwaya za Westminster Abbey na St Paul's huimba ibada ya jioni bila kiingilio. Ni ibada, kwa hiyo nenda kwa heshima ya ibada.

Barbican, nyumbani kwa London Symphony Orchestra tangu mwaka 1982, nauweka chini kidogo, ingawa okestra yenyewe ni ya hali ya juu sana. Sauti ya ukumbi ni kavu, na njia za kuufikia zinachanganya. Fuata mstari wa manjano uliochorwa chini. Opera ya Covent Garden iache mpaka sikio lizoee.

Tiketi ambayo singeinunua ni ile ya tamasha la mishumaa inayouzwa kwa watalii bila kuonyesha ramani ya viti. Nililipa pauni 30 katika kanisa moja la katikati ya jiji, nikawekwa nyuma ya nguzo, na kwa saa nzima nilitazama jiwe. Nunua kwenye tovuti ya ukumbi wenyewe, na ukiona neno la kuonya kwamba mwonekano umezibwa, liamini.

Tiketi ikiandika 7.30 ni saa moja na nusu usiku kwa hesabu yetu. Ukichelewa utasubiri mlangoni hadi kipande kiishe. Na usipige makofi muziki unaponyamaza kati ya sehemu moja na nyingine. Subiri kondakta ashushe mikono.